Barua kutoka Buhingu

Buhingu, Wilaya ya Uvinza
Novemba

Dada mpendwa,

Natumaini zamu za usiku pale zahanati zimepungua angalau kidogo. Sisi huku tumeamkia mvua, na si yale manyunyu yetu ya kunusisha vumbi. Hii ilianza usiku wa manane, na saa nne asubuhi ilikuwa ingali inapiga bati, wala hakutoka mtu hata mmoja kuishangilia. Mwenyeji wangu aliendelea kupepeta mchele, watoto wakaendelea kugombea kikombe, na mimi pekee ndiye niliyesimama barazani nimeacha mdomo wazi. Kwetu Dodoma mwaka mzima hupata milimita mia tano na ushee, mia sita mwaka ukiwa mwema, tena kwa kubahatisha. Miteremko ya Mahale, ninayoiona kutoka hapa kila wingu linapoachia, hupata zaidi ya 1,500. Nimeufikiria mto Kisigo, ambao siku naondoka ulikuwa mchanga mtupu na wachunga ng'ombe wanachimba visima katikati yake, nikaona uchungu kidogo.

Nikuanzie mwanzo. Treni niliipanda Dodoma jioni, na hadi Saranda nilikuwa bado najiona nyumbani: mibuyu ile ile, vumbi lile lile jekundu, sauti za Kigogo dirishani. Saranda ni lazima ule kuku, Dada. Wauzaji wanakuja mbio na masinia kichwani, kuku wa kienyeji amekaangwa mpaka mifupa inatafunika, na kila abiria anaongea kwa wakati mmoja. Nililipa, nikala, na treni ikaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni gizani. Tabora watu wakashuka na wengine wakapanda na madumu ya asali, behewa zima likanukia nta. Kulipopambazuka nchi ilikuwa imebadilika. Nyasi zilikuwa mbichi, maji yamelala pande zote mbili za reli kwenye tambarare za Malagarasi, na ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja hata hawashtuki. Reli hii iliifikia Kigoma mwaka 1914, na kutoka Dodoma ni karibu kilomita 800. Mimi niliyezoea kwamba safari ndefu ni Mtera hadi Iringa mjini, nilifika nimechoka hata jina langu nalitamka kwa shida.

Kigoma sikukaa. Nililala kwa rafiki wa mwenyeji wangu, asubuhi nikapanda boti ya kusini. Hapo ndipo nilipolikuta ziwa ana kwa ana. Ukichungulia pembeni ya boti, karibu na ufuko unaona mawe chini moja moja, maji meupe kama ya kisimani. Tope la bwawa letu la Mtera halipo kabisa. Mbele kidogo chini hakuonekani tena, na mzee mmoja aliyekaa jirani yangu akaniambia kwa fahari kwamba pale ziwa lilipo na kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Ukuta wa bwawa letu, ambao tangu utotoni nauona kuwa ni kitu kirefu kuliko vyote vilivyojengwa na binadamu, una mita 45 hivi. Bwawa likijaa ni kilomita za mraba mia sita na kitu. Ziwa hili ni karibu 32,900. Ng'ambo, mbali sana, milima ya Kongo imejipanga kwa rangi ya buluu, na jua linakwenda kuzama huko.

Mzee huyo huyo alinisimulia habari za meli ya Liemba, na kila aliyekaa karibu akawa na lake la kuongeza. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyobeba wagonjwa, wanafunzi, mahindi na maharusi wa pwani hii yote. Vijiji vingi havina gati, kwa hiyo meli ilisimama majini, watu wakashuka kwenye mitumbwi. Mama mmoja alisema mwanawe wa pili alizaliwa akiwa njiani kuelekea Kigoma, majini. Alisema hivyo bila kulalamika. Nilikukumbuka wewe, na yule mama wa Chipogoro uliyemsindikiza kwa bodaboda usiku ule, ukimshikilia kwa nyuma hadi mkafika. Hapa hata hiyo bodaboda haina pa kupita mahali pengi. Ziwa likichafuka, unasubiri.

Chakula cha kwanza cha Buhingu kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese. Mawese yana rangi ya machweo na harufu nzito inayokaa vidoleni hadi kesho yake. Tonge la kwanza nililimeza kwa adabu, la pili kwa udadisi, la tatu nikaongeza mchuzi. Ugali wenyewe ni mlaini na unavutika, si ule wetu wa uwele unaohitaji mlenda ili upite kooni. Mlenda hapa hawaupi heshima yake, nami nimeahidi kuwapikia kabla sijaondoka. Migebuka mitatu ya kubanikwa niliinunua sokoni kwa shilingi 5,000. Kwa fedha hiyo, pale kwetu kandokando ya barabara ya Iringa, sasa hivi maji yakiwa yamepungua, ungepata perege wadogo wa kuhesabu mifupa. Usiku huo nilitoka nje nikaona taa zimetapakaa ziwani hadi upeo wa macho. Ni wavuvi wa dagaa. Wanavua gizani kwa taa, zamani za karabai na siku hizi za betri na sola, na mbalamwezi ikiwaka sana wanapumzika, kwa sababu dagaa hawafuati taa yao tena.

Jumatatu ndiyo siku ninayotaka kukusimulia kwa kirefu, kwa kuwa inakuhusu wewe na kazi yako.

Mwenyeji wangu ana jirani ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii, mama wa makamo, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Aliniruhusu nifuatane naye. Begani alikuwa na begi, na mikononi daftari lililofungwa kwa mpira. Nyumba ya kwanza tulikaribishwa na bibi aliyetusalimia kwa kupiga makofi taratibu, na mimi nikajibu kwa ile salamu yetu ya "mbukwenyi", wote wakacheka kwa furaha na kutaka niirudie. Kisha kazi ikaanza. Mhudumu alitoa utepe, akampima mtoto mkono: ulisoma kijani. Akaangalia kadi ya kliniki. Akamuuliza mama wa mtoto, kwa sauti ya chini na wakiwa wamejitenga kidogo, kama vidonge vya uzazi wa mpango vinamkaa vizuri au angependa kwenda kituoni kupata njia nyingine. Hadi hapo ungekuwa wewe, Dada, hakuna jipya.

Lakini hakuondoka. Alizunguka nyuma ya nyumba akakagua choo na kibuyu chirizi, kile kidumu kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa kamba ya mguu, na majivu pembeni badala ya sabuni. Akaingia jikoni kutazama jiko banifu la udongo lenye matundu mawili, akauliza mzigo mmoja wa kuni sasa unamaliza siku ngapi. Akahesabu miche iliyopandwa mpakani na kumkemea kijana wa nyumba kwa mbuzi walioguguna miwili. Mwisho kabisa, amesimama mlangoni, akauliza swali lililonifanya niache kuandika: chandarua kiko wapi?

Mama akasema kiko kitandani. Mhudumu akaomba akione. Wakaingia, wakatoka, akaandika. Tulipokuwa njiani nikamuuliza kwa nini alitaka kukiona kwa macho. Akanieleza kitu ambacho wewe na mimi tunakijua tangu tuna akili: chandarua kikitoka kitandani kinakwenda majini, na kikienda majini hakibagui, kinazoa hata vifaranga vya samaki vyenye urefu wa ukucha. Mtoto anapata malaria, na baba yake baada ya miaka miwili anarudi na mtumbwi mtupu. Dada, vyandarua vingapi umegawa wewe mwenyewe pale zahanati, na vingapi tumeviona pamoja vimeshonwa ubavu kwa ubavu kwenye kambi za wavuvi za Mtera, upande wa Migoli na upande wetu? Wewe ukasema ni jambo la watu wa uvuvi. Watu wa uvuvi wakija wanasema elimu ya chandarua ni ya watu wa afya. Huku mtu mmoja anauliza yote mawili kwa pumzi moja, kwa sababu nyumba ni moja na mama anayejibu ni mmoja.

Mradi ulioanzisha utaratibu huu unaitwa Tuungane kwa Afya na Mazingira Bora. Ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwenye vijiji vinavyoizunguka Mahale, hifadhi ya sokwe, na walioubeba ni mashirika yaliyozoea kazi tofauti kabisa: The Nature Conservancy, ambao ni watu wa misitu na maji, na Pathfinder International, watu wa afya ya uzazi. Frankfurt Zoological Society nao walikuwamo. Nyumba tuliyoitembelea ni kaya ya mfano. Kaya haitangazwi kuwa ya mfano kwa sababu ni tajiri. Inatangazwa kwa kuwa na choo, jiko banifu, miti, bustani, watoto waliopata chanjo, na mume na mke wanaozungumza kuhusu lini wazae tena. Majirani wanakuja kutazama, wanarudi kwao na kujaribu. Nimeona kaya ambayo haina bati hata moja ikiwa ya mfano, na mwenye nyumba alinipeleka chooni kwake kwa fahari ambayo kwetu mtu anaionyesha kwa pikipiki mpya.

Jumanne nilikaa na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa. Zamani walianika mchangani. Sasa wana vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, dagaa wanakauka safi na bei inapanda. Mikono ikiwa kazini, midomo ilikuwa huru, tukazungumza mambo ya kike ambayo mengine sitayaandika. Hakuna hata mmoja aliyeniambia alikwenda kuweka kijiti cha uzazi wa mpango ili kuwaokoa sokwe. Mmoja alisema alichoka. Mwingine, mwenye watoto saba, alisema alitaka huyu wa mwisho anyonye hadi ashibe kabla ya kupisha mwingine. Msichana mdogo, ndoa yake ina mwaka, alisema anataka kwanza mtaji wa kununua dagaa kwa jumla. Walizitaja njia bila haya, sindano ya miezi mitatu, vijiti, kitanzi, vidonge, na walibishana ipi inaongeza mwili. Vidonge na kondomu mhudumu anakuja navyo nyumbani. Kwa sindano, kijiti na kitanzi anawaandikia rufaa, na kituoni anayewapokea ni nesi.

Nilifurahi kusikia sababu zao, na nataka hili ulishike, kwa maana kuna watu wanaoliharibu. Uzazi wa mpango ukipelekwa kijijini kwa hoja kwamba watu wamezidi na miti imepungua, mama anageuzwa kuwa tatizo la kutatuliwa. Ana haki ya kujibu kwamba mkaa wa msitu wake unapikiwa mjini. Huku, pale panapofanyika vizuri, mama anaulizwa yeye anataka nini na anapewa anachotaka, kiwe kijiti au kiwe ushauri wa kupata ujauzito ambao hauji. Msitu unanufaika baadaye, kwa njia zake: mwanamke ambaye hajabeba mimba mwaka huu ana nguvu ya kuhudhuria mkutano wa kijiji, na akihudhuria anasema kisima kiko mbali na kuni ziko mbali, na wanaume wanalazimika kusikia.

Wanaume nao hawakuachwa nje. Jioni nilimkuta mvuvi mmoja anatengeneza wavu, na nikamuuliza wazi, maana umri wangu unaniruhusu, kama aliridhia mkewe apate sindano. Alisema mwanzoni alikataa. Kilichombadilisha kilikuwa kikao cha wavuvi, cha BMU, kikundi chao cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ambacho ajenda yake ilikuwa mazalia ya samaki: kwa nini eneo fulani karibu na mawe lisiguswe, kwa nini makokoro yapigwe marufuku. Katikati ya kikao hicho akasimama mvuvi mwenzao akaeleza jinsi yeye na mkewe walivyopanga uzazi. Alimwamini kwa sababu anavua naye, akasema, na kwa sababu jambo lenyewe lilifanana na lile la mazalia, kuacha pumziko ili kinachokuja kije na afya. Sikuongeza neno. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kulifunga kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na anasema ilikuwa miezi migumu mno, watu walikula akiba yote. Ila ziwa lilipofunguliwa aliona tofauti kwenye wavu wake. Kaya zilizokuwa na akiba ndizo zilizovuka bila kukopa kwa riba.

Akiba hiyo inatoka wapi? Alhamisi nilialikwa kwenye kikundi cha COCOBA, benki ya kijamii ya uhifadhi. Kama umewahi kukaa kwenye VICOBA ya Mama Mchungaji pale kwetu, umeshaiona nusu: sanduku lenye kufuli tatu, wenye funguo watatu wanaokaa mbali na mbali, hisa zinahesabiwa kwa sauti ili kila mtu asikie. Tofauti ni kwamba anayetaka mkopo anaulizwa biashara yake inaharibu nini katika mazingira na inatunza nini. Aliyeomba mtaji wa mizinga ya nyuki alipitishwa haraka. Aliyeomba wa kununua mkaa aliketishwa, wakamsaidia kufikiria kitu kingine. Hakufukuzwa, na hilo nililipenda sana.

Ijumaa ilikuwa siku ya sokwe, kwa mbali. Sikuingia hifadhini, kiingilio na boti vingemaliza nauli yangu ya kurudi. Lakini nilikaa na kijana ambaye hufanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni, akanieleza kwamba mgeni anayekwenda kuwaona anavaa barakoa, anakaa nao saa moja tu, tena kwa umbali wa mita kumi. Mafua yetu wanayapata. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliwapitia sokwe wa Mahale, ambao Wajapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza kuwafuatilia mwaka 1965, na baadhi walikufa. Tangu nisikie hayo, siioni tena ajabu kwamba watu wa wanyama walikuja kuwatafuta watu wa afya. Bwindi kule Uganda mambo yalianza hivyo hivyo: mwaka 1996 gorila wa milimani waliugua upele uliotoka kwa binadamu, kwenye nguo zilizoachwa mashambani, na daktari wa wanyamapori aliyewatibu, Gladys Kalema-Zikusoka, akatambua kwamba huwezi kumtibu mnyama ukamwacha jirani yake anajikuna. Mwaka 2003 akaanzisha shirika la Conservation Through Public Health, na wahudumu wake wa vijijini hadi leo wanazungumza usafi, uzazi wa mpango na gorila katika ziara moja.

Hata hapa Kigoma jambo si geni. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha TACARE kwenye vijiji vya jirani na Gombe, kwa nia ya kupanda miti kwenye vilima vilivyokuwa vimebaki vipara. Wanakijiji walipoulizwa wanataka nini, walitaja afya na shule na maji, na mradi ukakubali kupanuka, uzazi wa mpango ukiwamo. Pangani, pwani kabisa, nako walijaribu kuunganisha uvuvi na uzazi wa mpango. Na Madagaska, kwenye kijiji cha wavuvi wa pweza cha Andavadoaka, shirika la Blue Ventures lililokuwa likishughulika na bahari lilifungua kliniki ya uzazi wa mpango mwaka 2007, baada ya kuona wanawake hawana pa kwenda. Kote huko walikuwapo watu waliokubali kusikiliza jambo lisilo la idara yao.

Sasa nije kwetu, maana ndiko ninakofikiria kila usiku nikisikia mawimbi.

Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980 ili kuihifadhia maji mitambo ya Kidatu, na mwaka 1988 likapata mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Tumezaliwa au kukua chini ya nyaya zake. Maji yakipungua taifa zima linajua, wahandisi wanakuja kupima kina hadi sentimita. Tunajua pia kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu, unaolilisha bwawa letu, umekuwa ukikauka kiangazi huko juu, na wakubwa wamezungumza sana habari za Ihefu na mashamba ya mpunga ya Usangu. Hayo ni makubwa, si ya kwangu mimi na wewe. Ila ukingoni mwa bwawa kuna wanaopanda mahindi kwenye tope maji yakirudi nyuma, kuna wafugaji waliofika na ng'ombe, kuna kambi za wavuvi zisizo na choo, kuna magunia ya mkaa yamepangwa barabarani kusubiri malori ya Dodoma. Na mkoa wa Dodoma wenyewe, sensa ya 2012 ilitukuta watu 2,083,588 na ya 2022 ikatukuta 3,085,625. Kila mmoja wao anakula, anapika, anakunywa maji.

Kwa watu hao hao kila idara inatuma mtu wake. Bwana samaki anakuja Jumanne kwa pikipiki. Bwana misitu anakuja mwezi ujao. Wewe unafanya kliniki ya mkoba kwenye kambi siku ambayo wavuvi wote wako majini na wake zao wako mnadani. Sijasema haya kwa lawama, najua mafuta yenyewe unayatafuta vipi. Nasema kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba siku moja ingetosha.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Kwetu wapo wanaofuata Kisiki Hai, ile kazi ya LEAD Foundation na Justdiggit iliyoanza Dodoma mwaka 2018: unachagua kisiki kinachochipua shambani, unapogolea machipukizi ukiacha machache yenye nguvu, unafunga kitambaa cha rangi kuwa alama, unakitunza. Babu alikuwa akifyeka vile visiki kila mwaka na kuviita adui wa shamba. Wanaozunguka kufundisha hilo wanaingia kwenye kaya zile zile unazotaka kuzifikia wewe. Na Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ya jamii, wanaokusudiwa kufika zaidi ya 137,000 nchi nzima. Mhudumu atakayepewa Mtera akifundishwa mambo ya afya peke yake, tutakuwa tumepata nusu ya mtu. Akifundishwa kuuliza chandarua kiko wapi, wavu una matundu ya ukubwa gani na jiko linakula kuni kiasi gani, tutakuwa tumepata kitu ambacho watu wa huku wamekipata.

Usidhani kwamba huku ni peponi. Mhudumu niliyefuatana naye alinionyesha kurasa za daftari ambako kina mama walirudi kituoni wakaambiwa sindano zimekwisha, warudi wiki nyingine, na wiki nyingine huku ni nauli ya boti. Mama mmoja alirudi akiwa na mimba tayari. Fedha za mradi huja na kuondoka, na pale zilipopungua baadhi ya kaya za mfano ziliacha kutembelewa. Nilichokiona kikisimama chenyewe ni sanduku la kufuli tatu, BMU na miguu ya mama huyu. Kwa hiyo nisingependa tungoje mashirika. Yakija, karibu, yasipokuja, mambo matatu au manne yanawezekana kwa vikao vyetu wenyewe.

Ninachokuomba ni hiki. Kabla ya kikao kijacho cha kamati ya maendeleo ya kata, muone mtendaji, na muone mwenyekiti wa BMU, yule shemeji yetu wa upande wa kambi, anakuheshimu. Waombe siku moja kwa mwezi, ile ya mnada, ambapo wewe, bwana samaki na watu wa Kisiki Hai mtakaa chini ya paa moja. Wavuvi wasikie habari za uzazi wa mpango kutoka kwa mvuvi mwenzao, wewe ubaki wa kujibu maswali. Na shehena ya sindano na vijiti iombwe mapema, isije ikaisha siku ile ile tuliyowaita watu. Mimi nitakuja na daftari, nimenakili vigezo vyote vya kaya ya mfano, na mhudumu amenipa namba yake ili umpigie mwenyewe umuulize anavyopanga ziara zake.

Nimekununulia dumu la mawese na dagaa kilo mbili, wakavu, wa kichanja. Boti ya Kigoma inapita kesho alfajiri ikiwa ziwa limetulia, kisha treni. Msalimie Mama na watoto wote, na mwambie Mama asipande kwanza uwele hadi mvua ya pili.

Mdogo wako akupendaye